Mluzi wako unamwambia nini?

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo habari za mahari, michango ya harusi na mawifi wakorofi. Tuzungumzie kitu ambacho hakigharimu hata senti tano, hakihitaji vocha wala chaji, na bado kimeshafungua milango usiku wa manane, kimeshawapatia watu wachumba, na kimeshafanya wanandoa wanuniane wiki nzima. Tuzungumzie mluzi.

Unacheka? Subiri kwanza. Piga picha hii: Jumamosi jioni, nyumba ya kupanga yenye geti. Jamaa ndio anarudi, mikono yote miwili imejaa mifuko ya sokoni, hana mkono wa kugonga. Anakunja midomo: fyuu, fyuu! Mbwa wa jirani anasimamisha masikio. Mlinzi anainuka kwenye kiti chake. Na kule jikoni mke, aliyekuwa anageuza samaki kwenye kikaango, anajua fika kwamba ni yeye anayeitwa. Mluzi mmoja, vichwa vitatu vimeinuka. Sasa nani kaitwa hapo, na kaitwa kwa heshima gani?

Muulize jamaa, atakwambia, "Si namwita tu mama watoto, tena kimahaba." Muulize mke pembeni, atakwambia, "Mimi ananiita kama anavyoitwa yule mbwa." Na ukweli ni kwamba hakuna anayedanganya kati yao. Yeye anapiga mluzi wa mapenzi, mwenzake anasikia mluzi wa dharau. Ndoa ngapi zinaishi hivyo hivyo, mwaka wa tatu, mwaka wa saba, na hakuna aliyewahi kuuliza?

NENO LENYEWE

Tuanze na neno, maana hata lenyewe halijatulia. Huku bara tunasema mluzi, na ikiwa mingi ni miluzi. Ukishuka pwani na visiwani utasikia watu wakisema miunzi, au mbinja, na wengine ubinja. Yote hayo ni sauti inayotoka kinywani mwa mtu, kwa midomo iliyokunjwa au kwa vidole viwili vilivyotiwa mdomoni, ile staili ambayo wengine tumejaribu tangu darasa la pili na mpaka leo tunatoa mate tu.

Ukishatumia kifaa, jina linabadilika. Hapo ni filimbi au kipenga. Kipenga ni cha mwamuzi uwanjani, na waandishi wa habari wamekihamishia hadi kwenye siasa: kampeni zikianza wanaandika kuwa kipenga kimelia. Filimbi nayo imepata kazi ya pili ofisini. Mtu anayefichua ufisadi kazini kwake watu humwita mpuliza filimbi, ingawa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayomlinda imemwita kistaarabu zaidi, mtoa taarifa.

Na tafadhali usichanganye mluzi na msonyo. Mluzi unatoka nje, msonyo unavutwa ndani kwa meno. Halafu msonyo hauna utata hata kidogo. Ukisonywa, umesonywa, huhitaji mkalimani. Mluzi ndio wenye mambo.

Hebu hesabu nami. Konda wa daladala akipiga mluzi, dereva anaelewa kuwa ni muda wa kuondoka. Mchungaji akipiga mluzi taratibu mtoni, ng'ombe wake wanajua ni wakati wa kunywa maji. Mama akimshika mtoto mchanga miguu akampigia mluzi mwembamba, mtoto anakojoa. Fundi akipiga mluzi huku anapaka rangi, maana yake siku yake inakwenda vizuri na hana haja na mtu. Kwenye shoo, msanii akipanda jukwaani akapokelewa kwa miluzi, amependwa. Lakini nenda kwenye viwanja vingi vya mpira vya Ulaya: timu ya nyumbani ikicheza vibaya inapigiwa miluzi na mashabiki wake wenyewe, na huko maana yake ni moja tu, mmetuaibisha. Mchezaji wa kwetu akifika huko mara ya kwanza, ajue asije akapunga mkono kushukuru.

Sauti ni ile ile, maana ziko sita. Kwa nini? Kwa sababu mluzi wenyewe ni upepo tu unaopita kwenye tundu. Maana yake inawekwa na watu wawili, anayepiga na anayesikia. Wakiwa wamekubaliana, mluzi mmoja unatosha kuliko meseji ya kurasa mbili. Wakiwa hawajakubaliana, kila mmoja anasikia la kwake.

HATA NDEGE ANATAKA MAKUBALIANO

Kama unadhani nakuza mambo, twende Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Kule kuna ndege mdogo, hana rangi za kujivunia, lakini anajua mzinga wa nyuki wa porini uko wapi. Tatizo lake ni kwamba peke yake hawezi kuuvunja. Binadamu anaweza kuuvunja na kuwafukuza nyuki kwa moshi, ila hajui uko wapi. Basi wakaingia ubia. Mhadzabe anapiga mluzi, ndege anakuja, anatangulia mti kwa mti akilia, na mwisho wa safari binadamu anachukua asali, ndege anabaki na nta. Huo ndio uhusiano, wapendwa. Kila mmoja ana alichonacho na kila mmoja ana anachokosa.

Sasa sikia uhondo. Kusini zaidi, kwenye hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, Wayao nao wanashirikiana na ndege wa aina hiyo hiyo. Lakini wao hawampigii mluzi. Wanamtolea sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizikia na mguno. Watafiti wawili, Claire Spottiswoode na Brian Wood, waliwajaribu ndege wa pande zote mbili, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science. Ndege wa kwa Wahadzabe walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kumfuata mtu aliyetoa mluzi wa Kihadzabe kuliko aliyetoa sauti ya Kiyao. Na ndege wa Niassa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuifuata sauti ya Kiyao kuliko mluzi wa Kihadzabe.

Ndege ni wa aina moja, asali ni ile ile, lakini ukimwita kwa namna ambayo hamjazoeana naye, anakupotezea. Kama ndege anataka mwito ambao wamezoeana, itakuwa mwenzio uliyemtoa kwao kwa mahari na kanga za makungwi? Wewe kwenu baba alikuwa anapiga mluzi akifika kona, mama anatabasamu na kuweka maji ya kuoga. Kwao yeye, mluzi ulikuwa wa kuita mbwa tu. Umehamishia mluzi wa kwenu kwenye nyumba yenu, unashangaa ndege hafuati.

USIKU, NYOKA, NA MTOTO WA KIKE

Wengi wetu tumekua tukiambiwa usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Wengine waliambiwa utaita mashetani. Tuwe wakweli kuhusu nyoka kwanza: hana sikio la nje, na sauti anazozipata vizuri ni zile nzito za chini pamoja na mtikisiko wa ardhi. Mluzi ni sauti nyembamba ya juu. Nyoka wa watu angekuwa na shughuli zake tu.

Sasa wazee walikuwa wanaogopa nini? Fikiria enzi ambazo hakuna simu, binti yuko ndani, baba yuko sebuleni na redio yake. Saa mbili usiku unasikika mluzi nyuma ya nyumba, mara mbili, halafu kimya. Ghafla binti anakumbuka kuwa hajaanua nguo. Bibi aliyesema mluzi wa usiku unaita nyoka huenda alikuwa anamjua vizuri sana huyo nyoka: anakaa mtaa wa pili, amevaa shati jeupe na anafundisha shule ya msingi.

Lakini kuna katazo jingine ambalo halichekeshi sana. Katika familia nyingi za kwetu mtoto wa kiume akipiga mluzi anaambiwa acha kelele, ila mtoto wa kike akipiga anaambiwa huna adabu. Kwa Waislamu wengi, kupiga miunzi ovyo hakupendezi kwa mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Wako wanaokumbusha aya ya 35 ya sura ya 8 ya Qur'ani, inayowataja watu waliofanya ibada yao pale Al-Kaaba kuwa miunzi na makofi. Hilo ni la imani na linawahusu wote sawa. Ninalolisema mimi ni lile la upande mmoja: mluzi ni wa kiume, kigelegele ni cha kike. Mwanamke amepewa sauti ya kushangilia, mwanamume amepewa sauti ya kuita.

Angalia hiyo inavyoingia mpaka kwenye ndoa za vijana wasomi, wote wana digrii, wote wana kadi za benki. Nani anaita na nani anaitwa? Nani akiwa chumbani anapaza sauti "Njooo!" na nani anatembea mpaka alipo mwenzake ndipo aseme anachotaka? Huna haja ya kunijibu mimi. Jihesabie mwenyewe kwa siku tatu tu.

ENZI ZA KUBIPU

Waliokuwa vijana miaka ya 2000 wanakumbuka kwamba tulikuwa na mluzi wetu wa kisasa, nao ni bipu. Vocha ghali, dakika zinakimbia, basi unapiga simu, inaita mara moja, unakata. Bipu moja maana yake nimefika salama. Bipu mbili maana yake nipigie, sina salio. Bipu ya saa nne usiku maana yake nakuwaza, lala salama. Hakuna neno hata moja lililosemwa, na ujumbe umefika.

Kubipu kulikuwa na sheria zake kali, mpaka wasomi wakaja kuzichunguza. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, kwa kazi aliyoifanya zaidi Rwanda. Kanuni kubwa ilikuwa kwamba mwenye uwezo ndiye anayepiga. Na kwa kijana anayemfukuzia binti, kumbipu binti huyo ilikuwa ni kujiharibia mwenyewe. Wenyewe mnajua: ukimbipu demu kabla hajakukubali, ameshajua mfuko wako unavuma upepo.

Tazama kilichokuwa pale. Hakuna aliyekuwa na kitabu cha maana za bipu. Kila wawili walijitengenezea maana zao, wakazikumbuka, wakazitii. Leo tuna simu zenye picha, sauti na video, tunaona hata mwenzetu ameusoma ujumbe saa ngapi, na bado tunagombana: "Umeona meseji yangu saa saba, umejibu saa kumi, ulikuwa na nani?" Ile alama ya kusomwa nayo ni mluzi. Mmoja anasikia "nimeona, nitajibu nikitulia." Mwingine anasikia "huna maana kwangu." Kama hamjawahi kukaa mkakubaliana inamaanisha nini, mtaendelea kununiana mpaka simu zizeeke.

MLUZI WA KIJIWENI

Sasa tufike penye uchungu. Dada anatoka kazini, anapita kijiweni. Mmoja anapiga mluzi. Mwenzake anaongeza. Dada anatazama chini, anaongeza mwendo. Wale vijana watakwambia ni utani, ni kumsifia. Lakini muulize dada, tena muulize akiwa peke yake na giza limeanza kuingia, kama moyo wake ulikuwa unasikia sifa. Sifa huwa inamwacha mtu ametembea kifua mbele. Hii inamfanya abadili njia kesho yake.

Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 dhidi ya kusumbua watu mitaani kwa maneno na vitendo vya kijinsia, na faini ilipoanza ilikuwa kati ya euro 90 na 750. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinachohusu kumsumbua mtu kijinsia kwa maneno au vitendo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Ila mimi leo sina ugomvi na kijiwe peke yake. Nataka kuzungumza na mume au mchumba aliyekuwa anatembea na huyo dada. Maana mara nyingi kesi haiishii pale kijiweni, inahamia nyumbani. "Yule anakujua?" "Kwa nini akupigie mluzi wewe tu?" "Na wewe hiyo sketi ya nini?" Dada wa watu amesumbuliwa mara mbili kwa jioni moja, mara ya kwanza na asiyemjua, mara ya pili na anayemjua. Mara ya pili ndiyo inauma zaidi. Mluzi ulitoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa nini maana yake uitafute mwilini mwa mkeo?

Mluzi ambao maana yake imeamuliwa bila kuulizwa unaweza kuua. Si mfano wa maneno. Agosti 1955 mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, alikwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, enzi ambazo mtu mweusi Kusini mwa Marekani alihesabiwa hadi macho yake yanapoangalia. Alidaiwa kumpigia mluzi mwanamke mweupe muuza duka. Siku chache baadaye mume wa mwanamke huyo na ndugu yake walimtoa mvulana kitandani usiku, wakamtesa, wakamuua na kumtupa mtoni. Baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume weupe, liliwaachia huru. Miezi michache mbele, mwanzoni mwa 1956, wenyewe wawili walieleza jaridani kwamba ni wao waliomuua. Mama yake mtoto alikuwa amesema kwamba mwanawe alikuwa na kigugumizi, na kwamba yeye mwenyewe alimfundisha kupiga mluzi kidogo neno linapokwama. Binamu yake aliyekuwepo pale dukani naye alisema kwamba ni kweli alipiga mluzi. Ulikuwa wa utani wa kitoto, au wa neno lililokwama? Hakuna aliyemuuliza. Walikuja na bunduki, hawakuja na swali.

Najua hakuna anayefanana na hao wauaji kati ya wasomaji wangu. Lakini mzizi wa tabia ni ule ule: nimesikia, nimeamua, nahukumu. Kwa hiyo ninaposema maana ya mluzi haiko kwa anayepiga peke yake, naongeza pia kwamba haiko kwa anayesikia peke yake. Wewe uliyesikia una haki ya kusema umeumia. Huna haki ya kumhukumu mwenzio kabla hujamuuliza.

MLUZI WA DHAHABU

Tutue mzigo kidogo. Mwaka 1944 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo To Have and Have Not. Mwigizaji wa kike, Lauren Bacall, alikuwa binti wa miaka 19 wakati inapigwa, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Wa kiume, Humphrey Bogart, alikuwa nyota mwenye miaka 44. Kuna sehemu binti anamwambia jamaa kwamba akimhitaji apige tu mluzi. Sehemu hiyo ikawa maarufu dunia nzima, na wale wawili wakapendana kweli nje ya kamera. Walioana Mei 1945. Bogart alimpa Bacall filimbi ndogo ya dhahabu ya kuning'inia kwenye bangili. Alipofariki Januari 1957, Bacall aliiweka filimbi ile pamoja na majivu ya mumewe.

Kuna mwanamke hapa anasoma na kusema, "Kumbe kuna wanaopenda kuitwa kwa mluzi!" Ndiyo, wapo. Lakini tazama tofauti. Bacall ndiye aliyesema nipigie mluzi. Mwaliko ulitoka kwa anayeitwa. Ndani ya filamu ilikuwa ni maneno ya mwandishi, lakini nje ya filamu wenyewe waliyachukua, wakayafanya yao, na yakawafikisha mpaka kaburini. Mluzi ule ule unaoweza kumfanya mke ajione mbwa, kwa mwanamke mwingine ulikuwa ndio pete ya pili. Kilichobadilika ni nani aliyeuchagua.

MILUZI MINGI

Wahenga walimaliza: miluzi mingi humpoteza mbwa. Mbwa wa mawindo yuko porini, huku anaitwa, kule anaitwa, mwisho anasimama katikati ya vichaka, hajui amfuate nani, na paa ameshakwenda zake.

Ndoa za siku hizi zina miluzi mingi mno. Mama mkwe anapiga wake kutoka kijijini: "Mwanangu, mbona hujanitumia?" Wifi anapiga wake. Shoga wa ofisini anapiga wake saa ya chai: "Mimi wa kwangu hawezi kunifanyia hivyo hata siku moja." Washikaji wa baa wanapiga wao: "Ukimlegezea huyo, umekwisha." Kundi la kitchen party bado liko hai kwenye simu miaka minne baada ya harusi, na kila asubuhi kuna ushauri mpya. Halafu kuna wale wa mitandaoni, wanaofundisha ndoa kwa video ya dakika moja, na wengine hata hatujui wanaishi na nani.

Si kila mluzi wa nje ni mbaya. Mwingine unakuokoa, na mtu anayepigwa nyumbani anahitaji sana kusikia sauti ya nje ikimwambia toka. Lakini mluzi wa mwenzio usipotofautika na miluzi mingine, utakuwa unaitikia kila mtu isipokuwa aliye kitandani pembeni yako. Mtu anakujibu, "Dada yangu amesema," "Rafiki yangu anasema," na wewe unajiuliza, na yeye anasemaje?

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, muulize. Jioni moja yenye utulivu, televisheni imezimwa, mwambie, "Hivi ninavyokuita huwa unajisikiaje?" Si mluzi tu. Kuna wanaoitana kwa kugonga glasi, kwa kupiga kidole, kwa "wee!", kwa jina kamili la cheti cha kuzaliwa kila wakiudhika. Uliza, halafu nyamaza. Akisema inamuumiza, usimwambie "mbona siku zote hukusema." Ameshasema sasa.

Pili, wewe unayeumia, sema. Mume wako si mganga wa kupiga ramli. Ukinuna bila kutaja sababu, kununa kwako nako ni mluzi, na yeye anausikia vingine kabisa. Mwambie kwa heshima: "Mume wangu, ukiniita hivyo mbele ya watu najisikia vibaya. Niite jina langu, au niite Mama Fulani." Mbona rahisi?

Tatu, mchague mwito wenu. Inaweza kuwa mluzi, kama wote mnaupenda. Inaweza kuwa jina la utani, au neno la kilugha la kwao ambalo wewe unalikosea kutamka na yeye anacheka. Sharti ni mbili: mmelichagua pamoja, na kila mmoja ana haki ya kuita. Kama mke haruhusiwi kukuita kwa mluzi huo huo mbele ya washikaji zako, basi huo hamkuuchagua wote.

Nne, muwe na kipenga. Ugomvi ukipanda mpaka mnaanza kufukua makaburi ya miaka mitano, mmoja awe na neno moja mlilokubaliana, na likishatajwa wote mnasimama, kila mtu anakunywa maji, mnarudi baada ya nusu saa. Ila mkumbuke kuwa kipenga cha mapumziko si kipenga cha mwisho. Aliyekipuliza ndiye anayepaswa kurudi kwanza mezani. Wengine wanapuliza kipenga saa mbili usiku halafu wanarudi alfajiri wananukia bia.

Tano, kijiweni. Kijana, kama umempenda dada wa watu, salamu ipo. "Habari ya jioni, dada" haijawahi kumfukuza mtu barabarani. Akijibu, sawa. Asipojibu, amejibu.

Hiyo ndiyo kazi yenu ya mwezi huu, na haina gharama. Leo usiku, kabla taa haijazimwa, mgeukie mwenzio umuulize angependa umwiteje. Wanaoishi pamoja miaka kumi watashangaa jinsi jibu lilivyo jipya. Akianza kujibu, weka simu chini, msikilize mpaka amalize.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.